Kuhamisha MES ya Kiwanda kwenda Mfumo Mpya Huku Laini Zinaendelea

Haya, tuingie kazini. Kwenye video hii, skrini ya kushoto ni MES ya zamani, yaani mfumo wa kompyuta unaosimamia uzalishaji kiwandani, ile ya kijivu, vitufe vimebanana kama punje za mtama. Ya kulia ni mpya, ipo kwenye seva ya majaribio, haina hata oda moja. Leo tunatoa vitu kushoto tunavipeleka kulia, na kiwanda hakisimami zaidi ya muda tuliokubaliana na watu wa uzalishaji.

Kwa mgeni: MES inakaa katikati. Juu yake kuna ERP, mfumo wa biashara wenye oda za wateja na hesabu za stoo, chini yake kuna PLC, kompyuta ndogo zinazoendesha mashine, na mashine zenyewe. Kwenye ngazi za ISA-95, kiwango cha kuunganisha mifumo ya ofisi na ya kiwandani, hiyo ni ngazi ya 3. Ukiigusa, umegusa juu na umegusa chini. Nadharia imeishia hapo.

Bekapu kwanza. Ichukue, kisha irejeshe kwenye mashine nyingine uone inafunguka. Sitairekodi, kubonyeza mnajua. Ila hiyo ya kuirejesha msiiruke.

Sasa, kabla hujafungua kanzidata, toka ofisini uzunguke laini zote na daftari. Andika kila kitu kinachoongea na mfumo: printa za lebo, skana, mizani, ile kompyuta ya chini ya meza yenye skripti (programu fupi) ambayo hakuna anayejua nani aliiandika. Ukikuta karatasi imebandikwa kwa selotepu pembeni ya skrini, "tangi la pili bonyeza F5 mara mbili", ipige picha. Hiyo ni kanuni ya uzalishaji ambayo haimo kwenye nyaraka zozote. Na uende zamu ya usiku pia. Watu wa usiku wana njia zao za kufanya kazi mfumo ukigoma, na hizo njia ndizo zitakazokufa siku ya kuhama usipozijua.

Tunahamisha nini? Mimi nahamisha vitu vitatu tu. Moja, data ya msingi: bidhaa, fomula, hatua za uzalishaji, mashine, watumiaji. Mbili, oda zilizo wazi. Tatu, ufuatiliaji wa bechi ambazo bado ziko ghalani au bado zinaendelea kwenye laini, yaani bechi gani ya malighafi iliingia kwenye bechi gani ya bidhaa. Historia ya miaka yote ya nyuma naiacha kwenye kanzidata ya zamani, ya kusoma tu. Kuna wanaopenda kuhamisha kila kitu. Hela yao, muda wao.

Sawa, tutoe data. Hapa, Hamisha, CSV (faili la maandishi yanayotenganishwa kwa mkato), nimechagua jedwali la bechi. Faili limeshuka. Sasa simama. Toa mkono kwenye kipanya. Usilibonyeze mara mbili hilo faili.

Ngoja niwaonyeshe kwa nini, kwenye nakala. Nalifungua kwenye Excel. Mnaona safu ya namba za bechi? Kushoto kwenye MES bechi inaitwa 00417. Hapa ni 417. Hii nyingine ilikuwa 12E4, herufi E ni ya laini ya tano. Excel imeisoma kama hesabu, inaonyesha 1.20E+05. Na hii 3-4 imekuwa tarehe. Kama namba zenu zina tarakimu zaidi ya 15, hali ni mbaya zaidi: kuanzia ya 16 zinageuka sufuri kimyakimya. Ukibonyeza Hifadhi umeshaziua, na faili halitakwambia kitu.

Msidhani ni tatizo la viwanda peke yake. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo wenye majina mapya ya baadhi ya jeni, kwa sababu Excel ilikuwa inazigeuza tarehe. MARCH1 ikawa MARCHF1. Wanasayansi walitangulia kubadilisha jina la jeni, Excel ikaja kuweka chaguo la kuzima ugeuzaji huo mwaka 2023.

Kwa hiyo: namba ya bechi ni maandishi. Namba ya bidhaa ni maandishi. Namba ya mfululizo ya kifaa (serial number) ni maandishi. Ukilazimika kutumia Excel, fungua programu tupu, nenda Data, leta faili la CSV, kisha kila safu ya utambulisho uiwekee aina ya Maandishi kabla ya kukubali. Mimi natumia skripti fupi inayosoma faili na kuandika moja kwa moja kwenye jedwali la kupitishia data la mfumo mpya, mkono wa mtu haugusi. Na kwenye mfumo mpya hakikisha safu yenyewe ni ya maandishi. Nimeshaona kanzidata mpya kabisa yenye namba ya bechi kama namba kamili. Wasambazaji wawili, mmoja anaandika 00417, mwingine 417, na mfumo unaona ni bechi moja. Siku ya kurudisha bidhaa sokoni utarudisha za nani?

Muda. MES nyingi za zamani zinahifadhi saa ya ukutani bila kusema ni ya ukanda gani. Mpya nyingi zinahifadhi UTC, saa moja ya dunia nzima. Badilisha mara moja tu, tena sehemu moja tu. Kama skripti yako inabadilisha na kipokezi cha mfumo mpya nacho kinabadilisha, rekodi zote zimeteleza mara mbili. Jaribu kwa rekodi moja ya zamu ya usiku, ile ya saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kilichozalishwa saa nane usiku ni cha tarehe ipi? Viwanda vingi vinakihesabu kwenye tarehe zamu ilipoanza. Uliza, usikisie, halafu kaipange kalenda ya zamu kwenye mfumo mpya.

Twende kwenye mashine. Mfumo wa zamani unaongea kwa OPC ya kale, lugha ya mifumo kuongea na mashine, ile inayopitia DCOM, njia ya Windows ya programu za kompyuta tofauti kuwasiliana. Walioitumia wanaikumbuka Machi 2023: Microsoft ilipokamilisha kubana usalama wa DCOM, miunganisho isiyorekebishwa ikakatika. Sisi tunahamia OPC UA, toleo jipya la OPC, bandari 4840 ya mtandao, yenye vyeti vya kidijitali vya kila upande kujitambulisha. Naandika anwani, nachagua usalama wa Kusaini na Kusimba, naunganisha na...

Imekataa. Subirini. Hii sikuipanga, lakini sitaikata.

Ujumbe unasema muda wa cheti si halali. Cheti nimekitengeneza leo, kitakuwaje si halali? Niangalie saa ya seva. Aa. Mashine ya majaribio iko nyuma kwa siku mbili, ilirudishwa kutoka kwenye nakala. Kwake yeye cheti hiki bado hakijaanza kutumika. Naielekeza kwenye seva ya NTP ya kiwanda, ile ya kusawazisha saa... saa imekaa. Naunganisha tena.

Imekataa tena, lakini kosa ni jingine, tumepiga hatua. Sasa ni uaminifu. Upande wa PLC, fungua orodha ya vyeti vilivyokataliwa, utakiona cha MES, kihamishie kwenye vinavyoaminiwa. Halafu fanya vivyo hivyo upande wa MES kwa cheti cha PLC. Pande mbili, jamani. Watu wanafanya upande mmoja kisha wanaishia kuchagua "bila usalama" ili wawahi chakula. Haya, thamani zinakuja: joto, hesabu ya vipande, hali ya mashine. Wakati wa majaribio ruhusa iwe ya kusoma tu. Mifumo miwili isiandike kwenye PLC moja kwa wakati mmoja.

Printa na skana haraka haraka. Lebo iliyochorwa kwa printa ya nukta 203 kwa inchi ukiipeleka kwenye ya 300 itatoka imesinyaa, ichore upya. Skana nyingi zinajifanya kibodi na kumalizia na Enter. Kama ukurasa mpya unataka Tab, opereta ataskani na fomu itajituma nusu. Namba za mfululizo mpya zianze juu zaidi ya ya mwisho iliyotolewa, acha pengo kubwa. Pengo halimdhuru mtu, namba iliyojirudia inadhuru.

Kabla ya siku yenyewe fanya mazoezi kamili, na saa mkononi, mpaka ujue kila hatua inakula muda gani. Siku ya kuhama: oda fupi ziachwe ziishe kwenye mfumo wa zamani, mpya zote zifunguliwe kwenye mfumo mpya. Zile ndefu zilizokwama katikati zihamishwe moja moja, opereta akiwa amesimama pembeni anathibitisha zilipofikia. Kisha linganisha idadi ya rekodi, linganisha jumla ya kilo, halafu chagua bechi chache bila mpangilio uzifuatilie kutoka bidhaa hadi malighafi. Anza na zile zenye sufuri mbele. Ndiyo, nimezirudia tena.

Na andikeni saa ya kuamua. Ikifika hiyo saa na ulinganisho haujakubali, mnarudi kwenye mfumo wa zamani, bila mjadala. Atakayeamua awe mtu mmoja, jina lake lijulikane mapema, na asiwe yule anayeandika skripti.

Seva ya zamani msiizime. Ondoa ruhusa ya kuandika, iache isomeke, itoe kwenye mtandao wa ofisi, na kila miezi kadhaa fungueni bechi moja ya kale kuona bado inafunguka. Jedwali langu la kulinganisha safu za zamani na mpya liko chini ya video, la bure. Lile lenye skripti ndani nauza. Yote mawili yana safu ya tatu iliyoandikwa "aina ya data". Msiifute.