Jinsi ya kutengeneza kipeperushi cha ushirika wa mwani: maelekezo kwa vikundi vya wanafunzi

Watazamaji wapendwa, karibuni. Katika video hii tutaonyesha jinsi kikundi cha wanafunzi kinavyoweza kutengeneza kipeperushi cha karatasi moja inayokunjwa mara mbili kwa ajili ya mteja wa kijamii, yaani ushirika, kikundi au kituo ambacho hakina fedha za kuajiri kampuni ya matangazo lakini kina kazi inayostahili kujulikana. Mfano wetu ni kazi tuliyoifanya sisi wanafunzi watano wa usanifu kwa ushirika wa wanawake wanaolima mwani na kutengeneza sabuni katika pwani ya mashariki ya Unguja. Nakala hii iliyopo mezani ndiyo iliyokamilika. Hii ya pili, iliyojaa alama za kalamu nyekundu, ni rasimu yetu ya kwanza, na tutairejea mara kwa mara.

Hatua ya kwanza hufanyika kabla kompyuta haijawashwa. Mfuateni mteja mahali anapofanyia kazi, na siku ya kwenda ipangwe kwa kufuata ratiba yake. Kwa wakulima wa mwani ratiba hiyo hufuata mwezi: wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali, mashamba yakawa wazi, na kila mwenye shamba huwa baharini akifunga mbegu au akivuna. Sisi hatukuuliza. Tulifika siku ya bamvua tukiwa na daftari zetu, tukakuta nyumba ya ushirika imefungwa kwa kufuli, ikabidi tushuke ufukweni na kuwafuata huko huko waliko.

Siku hiyo ilitufaa kuliko kikao chochote. Tulimkuta bibi mmoja amekaa ndani ya maji ya kina kifupi, mbele yake kamba iliyonyooshwa kati ya mambo mbili, yaani vijiti, zilizokitwa mchangani. Alichukua kipande cha mwani cha ukubwa wa kiganja, akakipitishia tai-tai, yaani uzi mwembamba wa kufungia, akakaza fundo kwa vidole viwili bila kulitazama, kisha akasogea kidogo kwenda kwenye kipande kinachofuata, huku akituuliza sisi ni wana wa nani na tumetoka wapi. Picha ya vidole vile ndiyo iliyokuja kuwa jalada. Mkiwa na mteja wenu, tafuteni tendo la namna hiyo, dogo na la kweli, linalofanywa na mikono ya watu wenyewe.

Mkishakaa kikao, msianze kwa kuuliza mteja anataka kipeperushi cha namna gani, kwa sababu atawajibu kwa kuwaonyesha kipeperushi cha mtu mwingine. Ulizeni nani atakishika, atakishika akiwa wapi, na akishakisoma anatakiwa afanye nini. Ushirika ulitujibu kwamba kitashikwa na wageni waliofikia katika nyumba za wageni za jirani, watakikuta mapokezi, na jambo linalotakiwa ni moja tu: mgeni atoke, atembee hadi kwenye karakana, aone kazi na anunue sabuni pale pale. Sentensi hiyo tuliiandika kwa herufi kubwa tukaibandika ukutani. Kila mmoja wetu alipopendekeza kuongeza kitu, tulimuuliza kama kitamsaidia mgeni kufika karakana, na mapendekezo mengi yalikwisha hapo hapo.

Kabla hamjaondoka, wekeni makubaliano kwa maandishi, hata kama ni nusu ukurasa. Yaseme ni mwanachama gani atakayeidhinisha kazi kwa niaba ya wenzake, rasimu zitarekebishwa mara ngapi, gharama za kuchapa zitatoka wapi, na kwamba mafaili yote na picha zote vitabaki kuwa mali ya ushirika. Wanafunzi wengi huliona hili kuwa jambo la kuwakosea adabu wazee. Kwa maoni yetu ni heshima, maana sisi tutamaliza masomo na kuondoka, na wao watabaki na kazi yao.

Sasa tuingie kwenye maandishi. Andikeni kwa Kiswahili kwanza, kwa maneno mliyoyasikia kutoka kwa wenye kazi, na tafsiri ije baadaye. Ushirika ulitaka lugha mbili, nasi katika rasimu ya kwanza tulizibana zote katika karatasi moja hadi herufi zikawa ndogo mno kwa macho ya mtu mzima. Hatimaye tulitengeneza vipeperushi viwili vyenye umbo moja, kimoja cha Kiswahili na kimoja cha Kiingereza, na kila lugha ikapata nafasi ya kupumua.

Kila jambo mnaloliandika lithibitishwe. Ukurasa wa katikati unaeleza kwamba kilimo cha mwani wa kibiashara kilianza katika pwani hii mwaka 1989, kwamba mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi na kuanikwa juani, na kwamba uteute unaotolewa ndani yake hutumika viwandani katika vitu kama dawa ya meno na aiskrimu. Halafu unaeleza kwa nini wanawake hawa waligeukia sabuni: mwani mkavu huuzwa kwa bei ndogo, na ile aina yenye bei nzuri zaidi, ambayo wakulima huiita kotoni, haivumilii joto la maji ya kina kifupi, hivyo wengi wamebaki na spinosamu, yenye bei ya chini zaidi. Wakaona heri wausage wenyewe, wauchanganye na mafuta ya nazi na ya mchaichai au karafuu, na wauze kitu kilichokamilika. Haya ndiyo maelezo ambayo mgeni hawezi kuyapata kwa kuangalia tu kipande cha sabuni dukani, na ndiyo maana tuliyapa ukurasa mzima.

Kuna jambo moja la kuangaliwa sana. Tulikuwa tumeandika kwamba sabuni hii inatibu magonjwa ya ngozi, kwa sababu wateja kadhaa walisema hivyo, lakini tuliifuta sentensi hiyo. Sabuni ni kipodozi, vipodozi husimamiwa hapa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na dai la tiba lisilo na ithibati lingeweza kuuletea ushirika matatizo ambayo sisi tusingekuwepo kuyabeba. Andikeni sabuni imetengenezwa kwa nini, na muishie hapo. Bei nazo msizichape, kwa kuwa hubadilika kabla karatasi hazijaisha. Ziandikwe kwenye kikaratasi kinachochomekwa ndani.

Hatua inayofuata ni ile ambayo vikundi vingi huiruka, nayo ni kukunja karatasi tupu. Chukueni karatasi ya A4, ilazeni kwa upana, kunjeni upande wa kulia uje ndani, kisha upande wa kushoto uje juu yake. Mtaona mmepata kurasa sita, tatu nje na tatu ndani. Andikeni kwa penseli katika kila ukurasa: jalada, mgongo, mkunjo wa ndani (yaani ule ukurasa unaoingia ndani), na zile tatu za ndani. Sasa ifungueni na igeuzeni muone upande wa nje. Kutoka kushoto kwenda kulia upo kwanza mkunjo wa ndani, unafuata mgongo, na jalada liko mwisho kulia. Anayefanya kazi hii mara ya kwanza huliweka jalada kushoto, kwa sababu ndiko tunakoanzia kusoma, na kosa hilo huonekana tu baada ya karatasi kukunjwa.

Sasa pimeni kwa rula. A4 ina milimita 297 kwa 210, na mwenye haraka hugawa 297 kwa tatu akapata kurasa za milimita 99 kila moja. Msifanye hivyo. Ukurasa unaoingia ndani ni lazima uwe mfupi kidogo, la sivyo utajikunja pembeni na kipeperushi hakitalala. Gaweni 100, 100 na 97. Kwa upande wa nje, kutoka kushoto, ni 97, 100 na 100. Kwa upande wa ndani ni 100, 100 na 97. Tazameni hapa kwenye rasimu yetu: tulitumia vipimo hivyo kwa mpangilio mmoja pande zote mbili, mstari wa mkunjo ukapita juu ya herufi ya kwanza ya kila mstari wa maandishi. Hifadhini karatasi hii ya penseli hadi mwisho wa kazi, kwani mtaiangalia mara nyingi kuliko mnavyodhani.

Kwa upande wa programu, sisi tulitumia Scribus, ambayo hupatikana bila malipo na imetengenezwa mahususi kwa kupanga kurasa za kuchapwa. Fungueni faili jipya la A4 lililolala, lenye kurasa mbili, moja ya upande wa nje na moja ya upande wa ndani, na muweke ziada ya milimita 3 kila upande ambayo mashine itaikata, ili rangi au picha inayofika ukingoni isiache ufito mweupe. Maandishi yote yakae ndani, angalau milimita 8 kutoka ukingoni na kutoka kwenye kila mkunjo.

Picha pigeni asubuhi au jioni, jua linapokuwa limelala, na kila anayeonekana aombwe ridhaa baada ya kuelezwa kwamba sura yake itasambazwa kwa watu asiowajua. Katika ushirika wetu akina mama wawili walisema mikono yao ionekane lakini nyuso zisionekane, nasi tukafuata hivyo. Picha ya jalada zima inahitaji pikseli zipatazo 1,200 kwa 2,550 ili ichapwe kwa nukta 300 kwa kila inchi. Simu nyingi za leo hufikia kiwango hicho, ila ukiituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, kwa hiyo itumeni kama hati, au ihamisheni kwa waya.

Katika kupanga maandishi, chagueni fonti mbili tu, moja ya vichwa na moja ya maelezo, na maelezo yasipungue pointi 10. Msiyanyooshe maandishi pande zote mbili. Ukurasa wetu una milimita 84 tu za kuandikia, na Kiswahili kina maneno marefu kama “wanaotutembelea”, hivyo maandishi yaliyonyooshwa huacha mapengo makubwa kati ya maneno. Yaacheni yaanzie kushoto na yaishie yanapoishia. Zimeni pia ukataji wa maneno wa programu, kwa sababu mara nyingi umewekewa kanuni za Kiingereza. Neno “mwanamke” lilikatwa kwetu baada ya “mwan”, na hakuna msomaji wa Kiswahili anayeweza kulipita neno hilo bila kujikwaa. Usahihishaji wa tahajia wa Kiingereza nao uzimwe, usije ukageuza “kama” kuwa neno jingine mkiwa hamtazami.

Rasimu ikiwa tayari, ichapeni kwa mashine ya kawaida, ikunjeni, na mrudi kwa mteja. Sisi tuliamkia, tukaitikiwa, tukampa mwenyekiti rasimu mikononi. Jalada lilikuwa na mchanga mweupe, minazi na bahari ya samawati, picha tuliyojivunia sana. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, “Wanangu, ni nzuri. Lakini mwani uko wapi?” Tulipofungua na kuhesabu, mwani ulionekana katika picha moja tu, ndogo, nyuma ya kipeperushi. Tulikuwa tumetangaza ufukwe, ambao mgeni alikuwa ameshaufikia. Tulirudi na kubadilisha jalada siku hiyo hiyo.

Katika kikao hicho msimpe kila mtu nakala na kungoja maoni. Mmoja wenu asome kwa sauti, taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, na mwingine aandike. Wapo wanachama ambao kusoma kunawachosha lakini masikio yao hayakosei, na neno ambalo si la kazi yao watalisikia mara moja. Tulikuwa tumeandika “vijiti vya shambani”, wakacheka, wakasema hizo ni mambo; tukaandika mambo, na maelezo mafupi pembeni kwa ajili ya mgeni.

Sasa uchapaji. Badilisheni rangi ziwe za wino nne za uchapaji, yaani samawati, majenta, njano na nyeusi, na mtarajie kwamba bahari inayong'aa kwenye skrini itatulia kidogo kwenye karatasi. Toeni faili la PDF lenye fonti ndani yake na ile ziada ya kukatwa. Mwambieni mchapaji kwamba karatasi igeuzwe kwa upande mfupi, na muombe nakala moja ya majaribio kabla hajachapa zote. Tulipoiomba, upande wa ndani ulitoka kichwa chini. Zingekuwa zimeshachapwa nakala 500, fedha za ushirika zingepotea. Karatasi ya gramu 130 au 150 kwa mita ya mraba inatosha. Ile nzito zaidi hupasuka rangi kwenye mkunjo isipominywa mstari wa kukunjia kwanza.

Kwenye nakala hiyo ya majaribio pigeni namba ya simu iliyoandikwa na msikie nani anapokea. Namba iwe ya ushirika, isiwe ya mtu mmoja anayeweza kuhama. Msimbo wa QR unaoonyesha njia ya kufika karakana uwe na upana wa sentimita 2 au zaidi, na ujaribuni kwa simu mbili tofauti, mkisoma kutoka kwenye karatasi yenyewe.

Siku ya kukabidhi, pelekeni maboksi pamoja na mafaili kwenye flashi, na mkae na mwanachama mmoja kijana mumwonyeshe jinsi ya kufungua Scribus na kubadilisha namba ya simu na picha. Msimfanyie. Mpeni kipanya, mkae pembeni, na mngoje hadi abadilishe, ahifadhi na atoe PDF yeye mwenyewe. Sisi ilituchukua alasiri nzima, na tulipomaliza maji yalikuwa yameshaanza kutoka, wenzake wakawa wanamwita ufukweni.