Unataka i ngapi?

Walionisikia mwaka jana mnivumilie tu, hili la stika ya Intel Core i5 au i7 kwenye laptopu, inayotaja prosesa, yaani chipu ya Intel ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, nitalisema mpaka nizeeke. Nenda Kariakoo kaulizie laptopu ya mtumba, kitu cha kwanza unaulizwa "unataka i ngapi?" Ya mwaka gani, hakuna anayejali. Mpwa wangu kaja na yake kifua mbele, "Mjomba, i7 hiyo!" Nikaifungua, i7-2640M. Ile 2 baada ya kistari ndo kizazi chenyewe, cha pili, mambo ya 2011, ndani kori, yaani vichwa vya kufanyia kazi, mbili basi. Na dukani alioneshwa i5-8250U, kizazi cha nane, ya 2017, kori nne, bei karibu ileile, akaiacha kwa sababu eti tano ni ndogo kuliko saba! Na hesabu kafaulu huyo.

Najua kuna fundi hapo nyuma anataka kuniambia i7 ni kubwa kuliko i5. Sawa fundi, kizazi kimoja na aina moja, mara nyingi ndiyo. Sasa chukua i7-7500U ya laptopu, kori mbili, weka na i5-7400 ya mezani, kori nne, zote kizazi cha saba. Hiyo saba ya kwenye stika inahesabu nini? Haihesabu kitu. Ni jina, kama mtoto kuitwa Tajiri.

Na Intel walijua. Walikuwa na chipu za 286, 386, 486, washindani wao AMD nao wakatoa Am386 yao 1991, na Intel wakashindwa kuizuia namba isitumike maana namba huwezi kuimiliki kama nembo. Ndo maana 1993 hatukupata 586, tukapata Pentium, jina lenye tano ya Kigiriki ndani yake. Halafu 2008 hao hao wanarudisha namba kwa mlango wa nyuma, i7! Na 2023 wameanza kuitoa hiyo i, sijui Kariakoo watauliza nini.

Nilikuwa na la JavaScript pia, lugha ya kuandikia programu, iliyoitwa LiveScript mpaka 1995 ilipobandikwa jina la Java, lugha nyingine kabisa, kwa kuwa Java ilikuwa inavuma, na mpaka leo naletewa CV zimeandika "Java/JavaScript" kama kaka na mdogo wake... ila naoneshwa saa hapa. Basi, mwenye laptopu afungue kwenye Settings palipoandikwa About, anisomee namba nzima, na herufi ya mwisho, ile ya aina ya chipu, asiiruke.