Kyoto: Soksi Yenye Tundu na Chungu cha Tofu

MWANAIDI: Karibuni tena, jamani. Kaka Kheri karudi juzi kutoka Kyoto, kule Japani. Mimi nina swali moja: ulikula nini?

KHERI: (anacheka) Dada, hata pole ya safari hunipi? Chakula tutafika. Tuanze na soksi.

MWANAIDI: Soksi zimeingiaje?

KHERI: Mahekalu mengi kule viatu unaacha mlangoni. Mimi siku ya kwanza nimevaa soksi ina tundu, dole gumba linachungulia. Nikaingia hivyo hivyo hekalu la Sanjusangendo.

MWANAIDI: Wee!

KHERI: Ukumbi wa mbao, urefu kama mita 120. Ndani mna sanamu 1,001 za Kannon, yule wa huruma kwa Wabudha: 1,000 zimesimama safu kwa safu, moja kubwa imeketi katikati. Jengo la kwanza liliungua, hili ni la mwaka 1266. Picha hairuhusiwi, basi simu mfukoni, nikabaki natazama nyuso. Na baridi ya sakafu inapandia kwenye lile tundu.

MWANAIDI: Na lile hekalu la dhahabu?

KHERI: Kinkaku-ji? Zuri, ila msongamano! Halafu unaloliona ni la 1955. La zamani lilichomwa moto 1950. Muda huo ningeupeleka Fushimi Inari alfajiri, pale hapafungwi. Ila hapo umeshatoka kwa Wabudha, hapo ni pa ibada ya Shinto, dini ya jadi ya Wajapani.

MWANAIDI: Haya, nilishe sasa.

KHERI: Jirani na hekalu la Nanzen-ji kuna migahawa ya yudofu, yaani tofu ya kuchemsha; tofu ni kama jibini laini ya maziwa ya soya. Unaletewa chungu, ndani maji na kipande cha kombu, ule mwani mpana, na tofu nyeupe imekatwa vipande. Moto mdogo. Tofu ikianza kutikisika, unaiopoa na kijiko cha matundu, unachovya kwenye mchuzi wa soya.

MWANAIDI: Na nyama?

KHERI: Nyama gani? Hicho chakula kimetoka kwa watawa. Wao hawali nyama wala samaki, hata kitunguu hawakigusi. Mgahawani ndiyo wanakutilia majani yake kidogo.

MWANAIDI: Huku kwetu mtu angeuliza mboga iko wapi.

KHERI: Niliuliza moyoni! Kipande cha kwanza nikaona kama mtindi usiochachuka. Cha tatu ndipo nikausikia utamu wa soya wenyewe. Nikanyamaza.

MWANAIDI: Wewe? Kunyamaza?

KHERI: Ila wasikilizaji Waislamu, ulizeni kuhusu mchuzi. Chakula hakina nyama lakini mchuzi unaweza kuwa na mirin, ile pombe tamu ya mchele.

MWANAIDI: Hilo la maana. Na sokoni?

KHERI: Nishiki. Kichochoro kirefu, samaki, achari, mayai ya kukunja. Ukinunua, kula hapo hapo dukani. Kutafuna huku unatembea hawapendi.

MWANAIDI: Zawadi yangu?

KHERI: Achari ya figili. Mfuko umepasukia begini, sasa soksi ndizo zinanukia.