Ramani ya Wageningen, Mashamba ya Walungu

(Mhadhara uliotolewa Bukavu mbele ya wanafunzi wa kilimo, wamoniteri (maafisa wanaowashauri wakulima) na wajumbe wa vyama vya wakulima.)

Wazee wetu, mama zetu mliotoka Kabare na Walungu alfajiri, wadogo zangu wanafunzi, jambo yenu wote. Poleni na barabara.

Nimeombwa niwaletee habari za wenzetu wa dunia wanaochunguza udongo: wanakutana wapi, wametoa nini, na vitu gani vyao tunaweza kuvichukua bila kulipa. Nitazigawa kwa upendeleo, msinilaumu. Za sherehe nitazipita mbio. Za ramani na data nitakaa nazo, kwa sababu humo mashamba yetu yanaelezwa na watu ambao hawajayakanyaga.

Sherehe basi. Umoja wa kimataifa wa wanasayansi wa udongo, unaojulikana kwa kifupi IUSS, ulianzishwa Roma mwaka 1924, na mwaka 2024 walikutana Florence kuadhimisha miaka 100. Kila baada ya miaka 4 wana kongamano kuu: 2022 lilikuwa Glasgow, la 2026 likapangiwa Nanjing, China. Tarehe 5 Desemba ni Siku ya Udongo Duniani, iliyokubaliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2013; ni siku aliyozaliwa mfalme Bhumibol wa Thailand, ndiyo maana ikawa hiyo na si nyingine. Na Mei 2024 wakuu wa Afrika walikutana Nairobi kuzungumzia mbolea na afya ya udongo. Kabla ya hapo, Abuja 2006, walikuwa wameahidi kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa kila hekta ifikapo 2015, na nchi nyingi hazikufika hata karibu. Nairobi wameongeza kwamba mbolea peke yake haitoshi, udongo wenyewe utibiwe. Ni sawa. Ila mama wa Nyangezi angewaambia hivyo hata bila mkutano.

Sasa ramani. Kule Wageningen, Uholanzi, kuna kituo kiitwacho ISRIC, kinachokusanya habari za udongo wa dunia nzima. Kimetoa ramani inayoitwa SoilGrids. Mwenye simu yenye intaneti anaifungua bure, anagusa kilima chochote, na inamjibu: tindikali kiasi hiki, kaboni kiasi hiki, mfinyanzi, mchanga, naitrojeni, kwa tabaka 6 kutoka juu hadi mita 2 chini. Mara ya kwanza mtu anashangaa. Wamejuaje, na hakuna aliyekuja kuchimba?

Hawakujua. Wamekisia, na wao wenyewe wanasema hivyo waziwazi. Walichukua mashimo yaliyochimbwa na kupimwa duniani kote, takriban 240,000, wakayapa kompyuta pamoja na picha za setilaiti, mvua, joto na umbo la milima. Kompyuta ikajifunza: penye mvua ya namna hii na mteremko wa namna hii, udongo huwa hivi. Kisha ikajaza dunia nzima, pamoja na mahali ambapo hapana shimo hata moja. Ndiyo maana kila namba inakuja na wenzake wawili, wa chini na wa juu, kuonyesha kubahatisha kumefika wapi. Wanafunzi wengi wanachukua namba ya katikati na kuwaacha wale wawili. Nikisimamia memwari yako, yaani kitabu chako cha utafiti wa kumaliza chuo, ukafanya hivyo, nitakurudisha.

Ramani imegawanywa vipande, tazameni ukubwa wake. Kila kipande cha SoilGrids kina upande wa mita 250, yaani hekta 6 na robo. Hapa kwetu Bushi, nchi ya Bashi, familia ngapi zinalima ndani ya hekta 6? Nyingi. Na ndani ya kipande hicho mna nini? Mna bustani ya migomba inayozunguka nyumba, mahali ambapo majivu, maganda na samadi vimemwagwa tangu enzi za babu. Pale udongo ni mweusi na unanona. Mna shamba la mbali kule mteremkoni, lisilopata hata kikapu kimoja cha samadi, ambalo mihogo yenyewe inaona haya kukaa. Na chini kabisa mna bonde la maji lenye udongo wa aina nyingine. Ramani inawapa wote watatu namba moja. Setilaiti haioni jalala la mama.

Kuna nyingine, iSDAsoil, iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika. Vipande vyake ni vya mita 30, yaani ari 9 kila kimoja, na inafika sentimita 50 kwenda chini. Inavutia zaidi kwa sababu inakaribia ukubwa wa shamba letu. Lakini kipande kidogo si lazima kiwe na ukweli mkubwa. Pasipo mashimo ya kutosha, unapata kisio lilelile limekatwa vipande vidogo zaidi.

Na mashimo yetu yako wapi? Nyingi za data za Kongo zinazotumiwa na ramani hizo ni za enzi za INEAC, ile taasisi ya kilimo ya Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1933, kituo chake kikuu cha utafiti kikiwa Yangambi, na hapa jirani ikiwa na kituo cha Mulungu ambacho INERA, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo, wamekirithi. Wale watu walifanya kazi, tuwape haki yao kwa hilo, hata kama tunajua walikuwa wakimfanyia nani. Karatasi yao ya mwaka 1960 inaitwa Dorsale du Kivu, ni ramani ya udongo na mimea ya safu yetu hii ya milima. Ramani nyingi za zamani za namna hiyo zimepigwa picha na kuwekwa kwenye hazina ya Ulaya iitwayo EuDASM, ambamo mtu anazishusha bure. Wanafunzi wangu, kabla hamjaomba pesa ya utafiti, angalieni kwanza kama kilima chenu hakijachorwa.

Tahadhari mbili kwa atakayezisoma. Majina yake ni ya mfumo wa INEAC, kaolisoli, ferisoli na ndugu zao, na leo dunia inatumia WRB, mfumo wa kimataifa wa kuupa udongo majina, ambao toleo lake la nne la 2022 linagawa udongo wote katika makundi 32. Jina la zamani halihamii kwenye jipya moja kwa moja. Ferisoli ya Mulungu inaweza kuwa Nitisoli leo, au isiwe, mpaka ushuke shimoni na kutazama mabonge yake kama yanang'aa. WRB yenyewe inapatikana bure, na nyuma yake mna mwongozo wa kazi ya shambani. Tahadhari ya pili ni umri. Kilima kilichokuwa msitu mwaka 1958 na leo ni maharagwe juu chini, kaboni yake haiwezi kuwa ileile. Mwamba na mfinyanzi vitakuwa vilevile, au karibu. Kaboni na tindikali, hapana.

Nina habari njema pia, na hii ni ya kwetu hasa. Katika miaka ya karibuni ulifanyika mradi uitwao TropSOC, ukichunguza kaboni ya udongo katika misitu na mashamba ya Kongo, Rwanda na Uganda, na upande wetu walikuwa maeneo ya hifadhi ya Kahuzi-Biega. Walilinganisha udongo uliozaliwa na miamba mitatu tofauti. Vitabu vingi vilitufundisha kwamba udongo wa kitropiki umeoshwa na mvua muda mrefu mno hata mwamba wake wa asili umesahaulika. Wao waligundua kwamba haujasahaulika: kemia ya mwamba bado inaamua kaboni inashikwa vipi, hata katika udongo uliochakaa kiasi hicho. Data zote wameziweka wazi tangu 2021. Hakuna barua ya kuomba ruhusa, hakuna kulipa.

Mwaka huohuo ilitoka maktaba ya mwanga ya udongo wa Afrika ya Kati. Mama zangu, nieleze. Kupima udongo labo kwa dawa ni ghali na kunachukua siku. Lakini ukiusaga udongo laini na kuumulika kwa mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa jicho, unarudisha alama yake, na alama hiyo inasema kaboni na naitrojeni ni kiasi gani, mradi mashine iwe imefundishwa kwa sampuli zilizokwisha kupimwa kwa dawa. Maktaba hiyo ina sampuli zaidi ya 1,800 kutoka maeneo 10, na Kivu Kusini ni mojawapo, Haut-Katanga pia. Kilichonigusa zaidi ni hiki: walipojaribu kukisia eneo ambalo mashine haijawahi kuliona, ilikosea, walipoongeza sampuli chache za mahali penyewe, ikanyooka. Chache tu. Basi mtu asituambie kwamba Walungu ni padogo, hapawezi kuongeza kitu.

Sasa niseme la labo, halafu la makabati.

Mwanafunzi anaandika: pH, kile kipimo cha tindikali, ni 5. Ya nini? Ya maji au ya KCl, yaani maji ya chumvi ya potasiamu? Udongo uleule ukipimwa kwa KCl kwa kawaida unashuka, mara nyingi nusu pointi nzima au zaidi. Kwa mkulima wa maharagwe hiyo nusu ni mavuno, kwa sababu pH ya maji ikishuka chini ya 5.5 hivi, aluminiamu inaanza kuyeyuka na kuunguza mizizi, na fosforasi inafungwa. Umwambie anunue shokaa ya kupunguza tindikali, au asinunue? Fosforasi nayo ina njia zake, Bray, Olsen, Mehlich, na kila moja inatoa namba yake. Kwa ajili ya fujo hii FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walianzisha mwaka 2017 mtandao wa maabara uitwao GLOSOLAN, unaotoa taratibu za kupima hatua kwa hatua, bure, na kuzipa labo udongo uleule zilinganishe majibu. Labo zetu ziingie humo. Na ninyi, andikeni njia ya kupimia kila mara, hata kama jedwali linakuwa baya machoni.

Makabati. Vyuo vya mji huu vimetoa memwari za udongo kwa miaka mingi. Mwanafunzi alipanda mlima, akachimba, akabeba udongo mgongoni, akalipa labo kwa pesa ya mjomba, akapata namba nzuri. Akatetea, akapigiwa makofi, kitabu kikafungiwa kabatini. Kipande cha ramani juu ya kilima kile bado kinakisiwa kutoka mbali, na shimo lenyewe lilikwisha chimbwa. Hili linaniudhi kuliko intaneti kukatika. ISRIC wanapokea data kama hizo kwenye hazina yao ya WoSIS, mradi ziwe na mahali, tarehe, kina cha tabaka, njia ya kupimia, na ruhusa ya mwenyewe. Memwari nyingi zinakosa kitu kimoja tu, mahali. «Walungu» si mahali, ni wilaya nzima.

Ila hapo pana jambo ambalo wazungu hawaliandiki sana kwenye miongozo. Shamba la kwetu lina mwenyewe, na mara nyingi lina zaidi ya mmoja: mwenye kalinzi (haki ya kudumu ya kimila), mwenye bwasa (aliyekodi kwa muda), shemeji anayedai. Mtu akikuona na GPS na koleo anafikiri unatafuta madini ya koltani au unampimia tajiri kiwanja. Kwa hiyo usianze na shimo. Anza na shefu wa kijiji, kisha mwenye shamba na mke wake, maana mara nyingi mke ndiye alimaye. Waeleze namba zitakwenda wapi. Wakikataa mahali pajulikane hasa, unaweza kuitoa namba iliyosogezwa kidogo na kuandika kwamba umeisogeza. Ramani ya vipande vya mita 250 haitalia. Na majibu yarudi kwao kwa Kimashi au Kiswahili, kabla hayajakwenda Wageningen.

Kwa wale wa kusoma zaidi: jarida liitwalo SOIL ni la wazi, na vyuo vyetu vina haki ya kuingia bure kwenye majarida mengi kupitia AGORA ya FAO, kwa kuwa Kongo imo kwenye kundi la nchi zisizolipa. Muulizeni mtunza maktaba nywila, msinunue makala kwa dola.

Mwenye memwari ya zamani iliyo na majedwali ya udongo ailete nakala, tutaanza kuyanakili Jumamosi. Anayekumbuka shimo lilikuwa wapi atuoneshe kwenye ramani ya simu, hata kwa kukadiria, na tutaandika kwamba ni kadirio. Wakulima wanaokubali tuchimbe kwao waandikishe kwa mama katibu pale mezani. Maswali. Tuanze na mama wa Kaziba, ameinua mkono tangu niliposema shokaa.