Arosto ya Pombe: Saa za Mwanzo

Ndugu zangu, mlevi akiletwa kuanza matibabu huulizwa mara ya mwisho amekunywa saa ngapi. Wengi huliona swali la kuaibisha. Kumbe hapo tunahesabu saa.

Mtu anayekunywa kila siku, asubuhi mikono inamtetemeka mpaka azimue, akiacha ghafla arosto, yaani mateso ya mwili kukosa kilevi ulichozoea, huanza ndani ya saa 6 hadi 24: jasho, moyo kwenda mbio, kutapika, usingizi kukata. Degedege huweza kumpata ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa. Anafukuza panya wasiokuwepo, joto linapanda. Hapo mtaani wanasema karogwa, anapelekwa kwa mganga, na muda unakwenda. Hali hii inaua. Basi msimfungie chumbani "mpaka imtoke", hasa kama aliwahi kuanguka degedege. Dar tunaiogopa zaidi arosto ya unga, yaani heroini. Inatesa kweli, lakini yenyewe ni nadra kumuua mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine.

Wodini hupewa diazepamu (ndiyo valiamu), dawa ya kutuliza, mara nyingi miligramu 10 hadi 20 kwa kuanzia, hurudiwa kwa kufuata dalili, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kwa takriban wiki moja. Ini likiwa limeharibika sana, lorazepamu ni salama zaidi. Thiamini, yaani vitamini B1, isisahaulike mgonjwa anapotundikiwa dripu ya glukosi: sukari peke yake humaliza akiba ndogo iliyobaki mwilini, na ubongo unaweza kuumia, kumbukumbu isirudi.

Dozi hutegemea ukweli wenu. "Bia mbili tatu" haitusaidii. Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina gramu kama 20 za alkoholi. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 ni gramu 55, karibu bia tatu. Gongo haina lebo, kwa hiyo tuambieni ni glasi ngapi.

Semeni pia kama anavuta unga au anameza valiamu. Diazepamu juu ya heroini hudidimiza pumzi. Methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha unga, nayo ikikutana na pombe ni hivyohivyo: tangu kliniki ya Muhimbili ianze mwaka 2011, wapo wanaokasirika wakifika wamelewa na dozi ikasubirishwa. Methadoni hutuliza arosto ya unga tu. Ya pombe inataka dawa zake.