Kamera ndogo, ukumbi wa giza na nyuso zetu

Ndugu wapiga picha wa Moshi, asanteni kwa kufika. Mmeniuliza hivi: kati ya kamera mbili za mfukoni, utajuaje ipi itakufaa kwenye sendofu ya usiku, taa hafifu, na wenye shughuli hawataki flashi?

Wengi huanza na megapikseli. Ziwekeni kando. Canon walipotoa PowerShot G10 mwaka 2008 waliipa megapikseli 14.7. Mwaka uliofuata ikaja G11 yenye 10 tu, sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya ukubwa uleule, kusudi chenga, yaani vidoadoa vya picha, zipungue gizani. Kampuni ikishusha namba inayouzia kamera, ujue kuna jambo.

Jambo lenyewe ni mwanga. Hufika kwenye sensa kwa chembechembe, tena bila mpangilio. Zikiwa chache, nukta za picha hazilingani na jirani zake, na hizo ndizo chenga. Sensa ya kamera ndogo za kawaida, iitwayo 1/2.3, ina eneo la milimita mraba 28 hivi. Ya inchi 1, kama ya Sony RX100 ya mwaka 2012, ina 116. (Jina lisiwachanganye: vipimo vyake ni milimita 13.2 kwa 8.8.)

Ila hapo ndipo watu hunaswa. RX100 hiyo hufunguka f/1.8 kabla hujavuta zumu (namba ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa); ukivuta hadi mwisho ni f/4.9, mwanga umepungua zaidi ya mara saba. Na ukumbini mara nyingi unapigia nyuma ya kamati, zumu imevutwa. RX100 III ya mwaka 2014 ina zumu fupi zaidi, lakini mwisho wake ni f/2.8. Kwa ukumbi ningechukua hiyo bila kusita.

Sasa la ngozi, na hili nalisema kwa uzito. Chenga huzidi kwenye sehemu za giza za picha, na ngozi nyeusi kwenye taa hafifu huangukia hukohuko. Kamera ikikuta chenga huzilainisha. Ukutani haidhuru. Usoni mwa bibi aliyeshuka kutoka Rombo kumuaga mjukuu wake, inafuta mikunjo, inafuta mvi, inampa sura asiyoijua mwenyewe. Familia itaitunza picha hiyo baada yake.

Kwa hiyo jaribuni kwa uso wa mtu. Kasi ya shata (muda wa kuingiza mwanga) iwe ileile, kila lenzi ifunguliwe yote, ISO (kiasi kamera inavyoukuza mwanga) ifuate yenyewe. Wanaolinganisha kwa ISO ileile wanaidhulumu lenzi inayofunguka zaidi. Kisha tazameni picha kwa ukubwa mmoja, tuseme wa albamu, kwani mkilinganisha nukta kwa nukta, kamera yenye megapikseli nyingi itaonewa. Angalieni kope, mvi, nyuzi za kitenge. Kamera ikiwa na RAW (picha ghafi ambayo kamera haijailainisha), pigeni na hiyo pia, mpunguze chenga wenyewe kwenye kompyuta.

Haya, mmoja aje akae kwenye kiti hiki. Zimeni taa za mbele, tuanze.