Katikati ya Denver: Kilichobomolewa na Kilichookolewa

Wazee wangu, kaka na dada, asanteni kwa kuja.

Wengi wetu tumewahi kuingia katikati ya Denver kwa treni ya uwanja wa ndege, tukashuka Union Station. Ukitoka pale ukatembea hadi Mtaa wa 16, unakutana na mnara mrefu wenye saa pande zote nne. Ni mnara wa Daniels & Fisher, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuiga mnara wa kengele wa Mtakatifu Marko kule Venice. Una karibu mita 99. Watu wanaupiga picha bila kujua kwamba haukujengwa usimame peke yake. Ulikuwa kona ya duka kubwa, na duka hilo lilibomolewa mwaka 1971.

Mwaka 1967 wapiga kura waliidhinisha mradi wa kujenga upya katikati ya mji, ulioitwa Skyline, na kwa fedha za serikali kuu karibu bloku 30 za mji zikabomolewa. Zilitoweka hoteli, benki na maduka, pamoja na nyumba za vyumba vya bei nafuu walikoishi wazee wasio na kitu. Sehemu nyingine ziligeuka maegesho ya magari, zikakaa hivyo miaka mingi. Jambo hili linaniuma hadi leo, kwa sababu wapangaji wale ndio waliopoteza zaidi na ndio walioulizwa kidogo zaidi.

Sasa sogea kidogo hadi Larimer Square. Miaka ya 1960 mtaa ule ulikuwa na sifa mbaya, umejaa vilabu vya pombe na watu waliokata tamaa. Dana Crawford, mama wa watoto wanne, alianza kununua majengo ya bloku moja pamoja na wenzake. Hakutaka kuyafanya makumbusho. Aliweka migahawa, maduka na ofisi, akafungua nyua za ndani ili watu wapite na kukaa. Kodi ya wapangaji ikawa ndiyo inayolipa mafundi. Mwaka 1971, mwaka uleule duka la Daniels & Fisher lilipoanguka, jiji lilitangaza bloku hiyo kuwa eneo lake la kwanza la kihistoria.

Naamini Crawford aliona kitu ambacho wapenzi wengi wa majengo ya kale hatukioni: jengo lisilo na kazi hufa hata kama sheria inalilinda. Paa linavuja, hakuna anayepanda kuliziba, maji yanashuka ukutani.

Na ukuta wenyewe unahitaji anayeujua. Baada ya moto wa 1863, Denver iliamuru majengo ya katikati yajengwe kwa matofali au mawe, ndiyo maana mji una matofali mengi hivi. Yale ya zamani ni laini na yaliunganishwa kwa chokaa. Fundi wa leo akija na saruji, anaharibu. Saruji ni ngumu kuliko tofali na haipitishi unyevu, kwa hiyo maji hukwama ndani ya tofali. Usiku wa baridi yanaganda na kutanuka, na uso wa tofali unabanduka vipande vipande. Ukipita mitaa ya zamani, tazama ukuta wenye mistari ya kijivu iliyotokeza huku matofali yamelika. Hapo saruji ilipita. Waashi wa pwani ya kwetu, waliokua na chokaa, wangeliona tatizo hilo mara moja.

Fedha zipo pia. Serikali kuu inatoa punguzo la kodi la asilimia 20 ya gharama za ukarabati kwa majengo ya kihistoria yanayoingiza kipato, mradi kazi ifuate viwango vyake. Na tangu 1988 eneo la LoDo, lenye maghala ya zamani karibu na stesheni, limelindwa na sheria ya jiji.

Lakini ulinzi huo una mlango ambao wengi wetu hatujaupita. Mwenye jengo la zamani akiomba kibali cha kubomoa, na wataalamu wa jiji wakaona lina thamani ya kihistoria, tangazo hubandikwa hapo hapo kwenye jengo. Wakazi watatu wa Denver wakiungana, wanaweza kuomba jengo hilo lihifadhiwe. Tume ya jiji ya kuhifadhi majengo ya kihistoria husikiliza kwanza, kisha baraza la jiji hupiga kura. Vikao hivyo viko wazi kwa umma. Ukiliona tangazo kama hilo mtaani kwako, lisome siku hiyohiyo na uwapigie simu majirani wawili.